Milimita Moja Jinja, Sentimita Kumi na Tano Geneva

Mei 2020 Mama alinipigia simu kutoka Masese, ufukweni mwa mji wa Jinja, Uganda. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, na yeye na majirani walikuwa wakipanga mifuko ya mchanga. "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma habari za maji huko Ulaya? Hebu niambie, haya yataishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwezi ule ziwa lilivuka rekodi yake ya mwaka 1964. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 14 Aprili, kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilikuwa kimekwama kwenye mitambo ya bwawa pale Jinja, na umeme ukakatika nchi nzima.

Mimi ni mtoto wa Walukuba, hapo hapo Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili kilikuwa chetu sote. Sasa nipo Geneva, Uswisi, nafanya utafiti wa fizikia ya hisabati. Ninashughulika na milinganyo ya maji ya kina kifupi, yaani hesabu ya jinsi maji hayo yanavyotembea, ile aliyoiandika Mfaransa Saint-Venant mwaka 1871: wimbi laini linavunjika lini, na likishavunjika, je, mlinganyo bado unatoa jibu moja tu? Ni kazi ya ubao na chaki. Mshahara unatosha, maktaba imejaa, na hakuna anayenikatiza. Wenzangu waliobaki nyumbani wanafundisha madarasa makubwa mchana kutwa, na utafiti wanaufanya usiku wakiwa wamechoka. Tofauti hiyo kila mhamiaji anaisimulia, sina haja ya kuirefusha.

Inayonikosesha usingizi ni nyingine.

Kila asubuhi nikienda kazini napita kwenye bwawa la Seujet, pale mto Rhône unapotoka katika ziwa Léman. Kimo cha ziwa hilo kinatangazwa kwa kila mtu. Mwenye boti anakijua, mwenye shamba ufukweni anakijua, hata mimi mgeni nakiona kwenye simu. Hawakuzaliwa na ustaarabu huo. Katika karne ya 19 watu wa Vaud, jimbo jirani la ufukweni, waliishtaki Geneva mahakamani, wakisema inaziba njia ya maji na kuzamisha ardhi yao. Waligombana miaka mingi mpaka wakafikia mkataba mwaka 1884. Zama hizo hizo Forel, mwanasayansi wa Morges ufukweni pale, alikuwa akipima jinsi ziwa zima linavyoyumba kama maji ndani ya beseni linalobebwa, kwenda na kurudi kwa dakika 73 hivi. Hesabu ile ile ya kuyumba, ukiiweka kwenye ziwa letu lenye kina cha wastani cha mita 40 tu, inakupa muda wa kama saa tisa nzima.

Na sisi tunavyo vipimo. Kimo cha ziwa letu kimesomwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, tayari kulikuwa na makubaliano kwamba maji yatatolewa kama vile mto wenyewe ungeyatoa bila bwawa. Makubaliano hayo ni mlinganyo kabisa: kimo kikipanda, mtiririko unaongezeka, tena kwa kasi kuliko kimo chenyewe. Hapo fizikia iligeuka kuwa sera, na iliwezekana hapo kwetu. Kisha ukaja ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mabwawa yakatoa maji kuliko mlinganyo ulivyoruhusu. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920.

Fanya hesabu hii na mwanao wa sekondari. Chukua mtiririko wa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, uuache siku nzima. Léman, lenye kilomita za mraba 580, litashuka sentimita 15. Ziwa letu, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, litashuka milimita moja na robo. Na Geneva wakikosea Jumatatu, Jumatano wamesharekebisha. Jinja kosa la sentimita 15 linahitaji karibu miezi minne kulirudisha, na mvua, ambayo ndiyo inayolijaza ziwa letu kwa sehemu kubwa, haitakungojea. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema hisabati ya namna hii ni anasa ya nchi tajiri, nakasirika kwa kweli. Wao wanaweza kusubiri waone. Sisi tunalazimika kukokotoa mapema.

Tazama sheria yetu ya ufukwe. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka alama ya maji ya chini. Nia ni njema, naiunga mkono. Lakini alama ya mwaka gani? Kati ya 2006 na 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Ufukwe wenye mteremko wa mita moja kwa kila mita mia, maji yakipanda mita mbili yanasogea mita 200. Aliyepimiwa kiwanja mwaka 2006 akaambiwa yuko salama nje ya mstari, mwaka 2020 maji yalikuwa mlangoni kwake. Hakuvunja sheria yoyote. Mama yangu hakuvunja sheria yoyote.

Profesa mmoja niliyemweleza haya aliniambia kwamba mteremko wa ufukwe ni kazi ya mafundi, si utafiti. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini hakuwa sahihi. Milinganyo ya Saint-Venant inaharibika pale kina kinapofika sifuri, kwenye ule mstari maji yanapokutana na nchi kavu, na kuuthibitisha mwendo wa mstari huo ni moja ya kazi ngumu katika fani yetu. Mahali pale pale Mama alipopanga mifuko ya mchanga ndipo hesabu yangu inaponishinda. Vijana wa Makerere mnaoniuliza kama kuna swali la kweli la kufanyia kazi nyumbani: lipo, liko Masese, na halijafungwa.

Ninaloliomba kwa viongozi wa mji ni dogo. Simamisheni nguzo pale penye maboti, ichorwe kimo cha 1964, cha 2006 na cha 2020, na kando yake ubao wa kuandika kila wiki kimo cha ziwa na maji yaliyotolewa bwawani. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, anaweza kuusoma. Mama mwenye kibanda cha mukene, wale dagaa wa ziwani, anaweza kuusoma.

Desemba nakuja. Binamu yangu ni fundi mwashi, ana ule mpira wa maji wanaotumia kusawazisha msingi. Tumekubaliana tutapima mteremko wa Masese hatua kwa hatua, tukianzia kwenye kizingiti cha Mama kuelekea ziwani.