Sebuleni au nje: mkono wa kutupia kikapuni unajengwa wapi?

Hapa Tampere, Ufini, Desemba ikifika, mwanga wa jua haudumu hata saa sita. Ukitoka kazini giza limeshaingia na theluji imefunika njia za uwanja. Basi sisi tunaocheza gofu ya visahani tunasimamisha kikapu sebuleni, pazia zito nyuma yake, na kuanza kutupa. Minyororo inalia, jirani wa chini anasikia, na ubishi wa kila mwaka unarudi: mazoezi ya ndani yanajenga au yanaharibu?

Kwa asiyeujua mchezo, unatupa kisahani cha plastiki kinachopaa kutoka mwanzo wa njia hadi kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kikapu hicho alikibuni Mmarekani Ed Headrick. Uwanja wa kwanza wa kudumu, Oak Grove, ulifunguliwa California mwaka 1975, na kwa hali ya hewa ya kule mtu hahitaji kuwaza sebule. Swali hili ni letu sisi wa kaskazini.

Wanaotetea sebule wana hoja nzito. Mtupo wa karibu ni kazi ya kiganja na vidole: kukiachia kisahani kwa kimo kile kile, kwa mwinamo ule ule, kila mara. Hilo huja kwa kurudia, na hakuna mahali rahisi pa kurudia kama nyumbani, dakika kumi kabla ya chai na kumi kabla ya kulala. Nje kwenye baridi plastiki hukakamaa, vidole hufa ganzi, na kila kisahani kilichokosa hufukuliwa thelujini. Upepo nao ukivuma, hujui kosa ni la mkono au la hewa. Ndani hakuna wa kusingiziwa. Kwa anayeanza, au anayebadilisha namna ya kushika, hiyo ni faida kubwa sana.

Pia humtaja Kristin Tattar wa Estonia, bingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023, aliyetoka nchi yenye baridi kama yetu. Mfano huo unatia moyo, ila hauthibitishi lolote kuhusu sebule, maana wachezaji wa kiwango chake husafiri kulifuata jua.

Kinachonisumbua mimi kwanza ni dari. Nyumba nyingi zina dari ya mita mbili na nusu hivi. Mwenye mtindo wa kusukuma, ambaye kisahani chake hupanda kidogo kisha kikashuka kwenye minyororo, analazimika kukibana. Mwenye mtindo wa kukizungusha kwa kasi hutupa tambarare, kwa hiyo dari haimgusi. Miezi minne ya hivyo hubadilisha mtindo wa mtu bila yeye kuamua. Yalinikuta: Aprili, mitupo yangu ya mita nane iligonga ukingo wa mbele wa kikapu, mmoja baada ya mwingine. Mkono ulikuwa bado unaiogopa dari ambayo haipo.

Ukuta ni mbaya zaidi. Sebuleni kisahani kikikosa kinagonga pazia na kulala kwenye zulia. Uwanjani, nyuma ya kikapu panaweza kuwa na mteremko. Kisahani kikitua kwa ukingo kinabingirika, na mtupo wa mita saba unazaa mwingine wa mita kumi na tano, wa kupanda. Upepo wa mbele hukinyanyua juu ya kikapu, wa nyuma hukididimiza kabla hakijafika. Kila mara unapaswa kuamua: nishambulie, au nikiweke karibu nimalizie salama? Uamuzi huo haujifunzwi mahali ambapo kukosa hakugharimu kitu. Miguu nayo ina somo lake. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni kanuni inadai uoneshe umetulia nyuma ya alama yako, yaani mahali kisahani kilipolala, kabla ya kusogea mbele. Kwenye zulia hilo ni jambo dogo, lakini kwenye mizizi ya msonobari iliyolowa ni habari nyingine.

Hata hivyo, kutoka nje peke yake hakutoshi. Anayesimama jioni tulivu ya Julai na visahani kumi, sehemu moja, yumo sebuleni isiyo na dari. Kisahani cha tatu hurekebishwa na kosa la pili, ilhali uwanjani unapewa kimoja tu, baada ya kutembea, moyo ukidunda. Hata JYLY, zoezi linalopendwa sana hapa Ufini, lina udhaifu huo: visahani vitano, raundi ishirini, unaanza mita 10, na idadi uliyoingiza ndiyo inayopanga umbali unaofuata, hadi mita 5 ukikosa vyote. Alama za juu kabisa ni 1,000. Nalipenda zoezi hili, ila linataka mita 10 zilizonyooka. Anayelifupisha hadi nusu ili litoshe sebuleni anapata alama zinazomdanganya.

Kwa hiyo ndani sihesabu tena. Msimu huu nimebakiza visahani viwili sebuleni: natupa kimoja, naenda jikoni, narudi, natupa cha pili. Jumamosi adhuhuri, hata baridi ikiwa kali, naenda kwenye kikapu cha mazoezi kando ya ziwa, mahali penye upepo, na kisahani kimoja nilichokibandika utepe mrefu mwekundu ili nikione kinapozama thelujini.