Allegretto si matanga

Jumamosi iliyopita mpwa wangu wa miaka 14 alikuja kwangu Buruburu na fidla yake mgongoni. Wiki nzima alikuwa akijifunza mwenyewe sehemu ya pili ya Simfonia ya Saba ya Beethoven na alitaka nimsikilize. Akaweka uta juu ya waya, akaanza. Kila noti aliivuta mpaka ikaishiwa pumzi, kisha akangoja, kisha akavuta nyingine. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Nilipomsimamisha akanionyesha rekodi aliyokuwa akiifuata kwenye programu ya muziki ya simu yake. Chini ya jina la rekodi paliandikwa mambo matatu: kasi 54 (yaani mapigo 54 kwa dakika), ufunguo A maina (minor), hali huzuni.

"Shangazi, si wenyewe wameandika ni ya huzuni?"

Nimekaa na hasira tangu siku hiyo. Mtoto hana kosa. Amesoma kibandiko akakiamini, kama sisi sote tunavyoamini kilichoandikwa. Lakini kile kibandiko kimemwambia ahisi nini kabla hajasikia noti hata moja, na hilo siwezi kulinyamazia.

Beethoven aliandika neno moja juu ya sehemu hiyo: Allegretto, yaani mwendo wa haraka kiasi. Hakuandika Adagio, hakuandika Largo, maneno ya mwendo wa polepole, na alikuwa anayajua vizuri sana. Mwaka 1817, metronomu ya Maelzel, chombo kinachogonga mapigo ya kasi, ilipokuwa imeshapatikana, alichapisha namba za kasi za simfonia zake nane za kwanza, na hapa akaweka 76. Kwa mwendo huo sehemu nzima inaisha kwa dakika 7 na nusu hivi. Rekodi aliyoifuata kijana wangu ilipita dakika 10. Karibu dakika 3 za ziada, na hakuna noti iliyoongezwa.

Nikaweka metronomu juu ya mkebe wa sukari, nikamwambia aache fidla, tutembee. Kutoka mlango wa sebule hadi jikoni, kwenda na kurudi, tukiimba mdundo kwa mdomo: taa, ta-ta, taa, taa. Kwa 54 alikuwa anayumba kati ya hatua na hatua, mguu mmoja hewani, kama watu wanaobeba jeneza kwenye njia ya matope. Nikapandisha hadi 76. Miguu yake ikajipata yenyewe. Ulikuwa mwendo wa mtu aliyeshuka steji anaelekea nyumbani kabla giza halijaingia, ana mzigo mkononi na mambo mazito kichwani, lakini anatembea. Hapo ndipo ilipo siri ya kipande hiki. Uzito umo, hakuna anayebisha. Ule mdundo unarudi tena na tena na hausimami, na ndiyo maana unatushika kifuani. Ukiupunguza mpaka ukakaribia kusimama, umeiondoa nguvu iliyokuwa inaubeba huo uzito.

Simfonia hii ilisikika kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 8 Desemba 1813, katika tamasha la kuchangia askari waliojeruhiwa vitani Hanau, Ujerumani. Watu waliitaka sehemu ya pili irudiwe, ikarudiwa. Kuna wanaosema huo ni ushahidi kwamba ilikuwa maombolezo. Mimi naona watu wenye majeraha mabichi waliosikia kitu kinachotembea, wakaomba kutembea nacho tena.

Na hili la kudhani kwamba wimbo wa ngazi ya maina lazima uwe wa huzuni, na wa meja (major) wa furaha, Mkenya hasa ndiye asiyepaswa kulikubali. Wimbo wetu wa Taifa uko kwenye maina. Ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, wataalamu wakautengeneza mwaka 1963, na tangu hapo tumeusimamia wima. Faith Kipyegon alipochukua dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1500 kule Paris mwaka 2024, ulipopigwa sikuona mtu aliyedhani tunazika. Nililia, ndiyo, lakini muulize yeyote aliyelia siku ile ilikuwa hali gani. Halafu nenda matangani. Tenzi nyingi tunazoimba usiku wa kuamkia mazishi ni za meja tupu, na watu wanalia mpaka sauti zinakatika. Anayeimba kwenye kwaya anajua jambo hili mwilini: wimbo uleule, doh ileile, mwalimu akishusha mkono polepole umekuwa wa kuaga, akiuchangamsha umekuwa wa harusi.

Hata huo ufunguo wenyewe, programu hizi zinazoandika vibandiko hukosea. Zipe okestra ya ala za kale inayotuni noti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440 ya kawaida leo, huenda zikakuandikia ufunguo wa nusu toni chini.

Nakubali kuna waongozaji wakubwa wa okestra waliouchelewesha mwendo huu, na ipo rekodi moja ya polepole ambayo sijawahi kuimaliza macho makavu. Nakubali pia kwamba baadhi ya namba za Beethoven zinawatesa wapigaji hadi leo. Lakini mwongozaji yule alichagua, akasimama mbele ya watu na uchaguzi wake. Kibandiko hakijachagua chochote, na kinamfikia mtoto kikiwa na sura ya ukweli.

Tuliporudi sebuleni nilitoa vaiola yangu, ndugu ya fidla aliye mkubwa kidogo na mwenye sauti nzito zaidi. Nikamweleza kwamba sisi wa vaiola tunaanza chini pamoja na chelo na besi kubwa, karibu hakuna wimbo, ni mdundo tu. Kisha fidla za pili zinaupokea ule mdundo, na hapo ndipo vaiola na chelo zinapopata wimbo wao mrefu unaopita katikati kama mtu anayesimulia huku anatembea. Yeye akashika mdundo, mimi nikashika ule wimbo. Simu tuliilaza kifudifudi mezani. Mara ya kwanza alichelewa kwenye zile noti mbili fupi. Mara ya tatu hakuchelewa, na nilipomtazama alikuwa anapiga mguu sakafuni, kimyakimya, na uso wake umefunguka.