Watani wa Jadi kwa Sauti ya Taarabu

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliletewa risiva ya homu thieta, kile kisanduku kinachopokea picha na sauti za vifaa vyote na kuzipeleka kwenye runinga na spika, kutoka Uingereza. Bahati yake inatumia volti 230. Ingekuwa ya Marekani, ya volti 120, tungeizika siku ile ile alipoichomeka. Simu aliyonipigia ilikuwa fupi: "Shemeji, mechi inaanza saa kumi na moja. Picha ipo, sauti ina mashetani."

Nikakuta sebule imefurika. Kwenye runinga watani wa jadi wanapasha misuli, kwenye spika zote tano na sabufa inapigwa taarabu. Mama mkwe yuko kochi la mbele, anatikisa bega.

"Mimi sioni kilichoharibika," akasema.

Mashetani yenyewe yalikuwa rahisi kuyapunga. Nyuma ya risiva kila tundu lina jina: CBL/SAT, DVD, GAME na wenzake. King'amuzi kilikuwa kwenye HDMI, waya mmoja wa picha na sauti, ya CBL/SAT, yaani kebo na satelaiti, mahali pake hasa. Tatizo ni deki kuukuu ya DVD: waya zake za sauti, nyekundu na nyeupe, zilikuwa zimechomekwa kwenye matundu ya sauti ya jina hilo hilo la CBL/SAT.

"Yalikuwa wazi," shemeji akajitetea.

Hata hivyo risiva ingevumilia. Ikiwa kwenye AUTO husikiliza HDMI kwanza, halafu waya za dijitali, analogi, kama hizo nyekundu na nyeupe, mwisho kabisa. Ila kuna mtu alitafuta sauti kwa kubonyeza kila kitu kwenye rimoti, akabonyeza INPUT MODE mpaka ikasimama kwenye ANALOG. Basi picha inatoka king'amuzi, sauti inatoka deki, na risiva haioni ajabu yoyote: imetii amri.

Nikarudisha AUTO, mtangazaji akasikika, watu wakapiga makofi. Mama mkwe peke yake akasonya.

Ningeaga hapo hapo. Lakini shemeji akataka na deki iunganishwe vizuri, mapumziko tuone DVD ya harusi yake. Hapo kukawa na mtihani usioandikwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo: kufika nyuma ya kabati lazima uiname, na ukiinama, unampa mgongo, tena si mgongo tu, mama mkwe. Nikaingia ubavu ubavu kama kaa, nikamwomba shemeji anipokelee waya upande wa pili.

Deki ile hutoa picha kwa waya tatu, kijani, bluu na nyekundu, na sauti kwa mbili, nyeupe na nyekundu. Nyekundu ni mbili, vichwa vinafanana, na vyote vinaingia tundu lolote kati ya hayo bila kulalamika. Dawa ni kufunga kipande cha selotepu kwenye jozi ya sauti kabla hujashika chochote, na kuzima risiva. Shemeji hakungoja selotepu wala kuzima, na risiva alishaihamishia DVD. Akachukua nyekundu ya picha, akaisokomeza kwenye tundu la sauti. Mawimbi ya picha yakiingia njia ya sauti hayatoi muziki, hutoa mngurumo. Sabufa ikanguruma, vikombe vikatetemeka, paka akatokomea dirishani. "Astaghfirullah!" mama mkwe akaruka.

Tukabadilisha waya, mngurumo ukaisha, na picha ya harusi haikuja. Risiva ile haigeuzi picha ya analogi kuwa HDMI. Picha ikiingia kwa waya tatu, itatoka kwa waya tatu tu, kwenye MONITOR OUT, kwa hiyo inahitajika seti nyingine ya waya mpaka kwenye runinga, na runinga nyingi mpya hazina hata matundu hayo. Kwa harusi ile, deki ya bei nafuu yenye HDMI ndiyo jibu. Shemeji akasema, "Basi harusi ingoje," na mkewe akamtazama.

Kipindi cha pili, dakika za mwisho, penalti. Mpigaji kaweka mpira, karudi nyuma. Kijana wa nyumbani, chumbani kwake, akawasha gemu kwa padi isiyo na waya, apashe pashe mikono. Gemu lilikuwa kwenye risiva hiyo hiyo, na CEC imewashwa: kifaa kikiamka, kinaiambia risiva ije kwake. Risiva ikahamia GAME. Penalti ikapotea, tukabaki tunasalimiwa na menyu ya gemu.

Goli tulilisikia kutoka nyumba ya pili.

Shemeji akataka nizime CEC kwenye risiva. Nikakataa, kwenye risiva nyingi ukiizima huko ARC nayo inakufa, na sauti ya runinga yenyewe hairudi kwenye spika. Nilizima kwenye mipangilio ya gemu peke yake. Wakati nazima, mama mkwe alikuwa ameshika rimoti ya risiva, anauliza kile kitufe cha taarabu kiko wapi.