Mama wa Mtama Aitwe Mezani

Mara ya kwanza kufika Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana, Kenya, kilichonikasirisha ni mtama. Mama mmoja alikuwa ametandika gunia chini, hatua chache kutoka foleni ya mgao, anauza mtama aliopewa asubuhi ile ile. Anapima kwa bakuli, anapitisha kiganja juu kuondoa kilichozidi. Nikamuuliza, "Sasa mama, watoto watakula nini?"

"Nisipouza kidogo, huu mwingine nitausaga kwa hela gani? Na kuni?"

Sikuwa na jibu. Sisi watu wa misaada tulileta nafaka, hatukuleta hela ya mashine ya kusaga. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu ambayo ofisini kwetu hakuna aliyeipiga, na bado kwenye ripoti tuliandika kwamba wakimbizi "wanauza misaada", kana kwamba ni wezi. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Kambi ile ipo tangu 1992. Watu wake walishajifungulia maduka, mikahawa, bodaboda, hata jenereta za kuwauzia majirani umeme, na hawakungoja semina ya ujasiriamali. Ndiyo maana nilishangilia Bamba Chakula ilipoanza mwaka 2015: WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilikuwa ikituma thamani ya chakula kwenye laini ya simu, mtu akinunua chakula anachotaka kwa mwenye duka, awe mkimbizi au Mturkana mwenyeji. Hata jina ni la mtaani. Lakini hela ile haikuruhusiwa kutolewa taslimu, kwa hiyo kuni na kusaga vikabaki palepale. Mpaka mwaka 2019 ndipo baadhi ya kaya za Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, zikaanza kupewa pesa za kutumia wapendavyo. Yaani jibu la mama wa mtama lilikuwepo pale chini kwenye gunia miaka yote hiyo.

Istanbul, mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ingeyafikia mashirika ya wazawa moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. 2020 ikapita, robo haikufika.

Mimi naomba kitu kidogo zaidi. Kabla mgao haujapangwa, mama yule aitwe kikaoni, kikao kiendeshwe kwa lugha anayoielewa, na alipwe posho kama mtaalamu aliyetoka Nairobi. Siku asipokaa sokoni, kwake hakuna unga jioni.