Tuwafundishe vijana kuhakiki katuni

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Mwanza ukimpa riwaya, atakuchambulia fani na maudhui bila wasiwasi: dhamira, migogoro, muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Mpe tamthiliya, atafanya vivyo hivyo. Ushairi atalalamika kidogo, lakini ataumudu. Sasa mpe ukurasa wa katuni wenye fremu sita, umwambie auhakiki. Kwanza atacheka. Halafu atakusimulia yaliyoandikwa kwenye viputo vya maneno, basi, kana kwamba picha ziliwekwa pale kupendezesha karatasi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na jambo hili linaniuma. Katuni ndiyo maandishi ya kwanza ambayo wengi wa rika langu tuliyasoma kwa hiari yetu, tena kwa kugombaniana. Gazeti moja lilizunguka mtaa mzima hadi jalada likaisha. Lakini shuleni hatukuwahi kuipa katuni hata kipindi kimoja, na mpaka leo bado hatujaipa. Naamini katuni ni sanaa kamili yenye kanuni zake, na inastahili kufundishwa kwa uzito uleule tunaoupa ushairi.

Nitoe mfano wa hapa hapa. Kuna kijana anafanya kazi Mwaloni, kwenye soko la samaki la Kirumba, na jioni huchora kwenye madaftari ya kawaida ya shule. Alinionyesha ukurasa wenye fremu nne. Katika ya kwanza, mama anaanika dagaa mchangani. Dagaa wenyewe ni vistari vifupi vifupi vya kalamu, vingi ajabu, vimelala kila upande, na mama ameinama mpaka uso hauonekani. Katika ya pili, mama yuleyule ameinua shingo. Nyuma yake kuna ziwa, na juu ya ziwa wino mweusi umejazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katika ya tatu mama hayupo. Ni mchanga tu, na vile vistari sasa vimeshikana kwa mafungumafungu. Katika ya nne, mwanamume aliyeshika gunia anatamka maneno pekee yaliyomo kwenye ukurasa mzima: "Hawa ni wa kuku sasa, mama."

Mtu yeyote wa kandokando ya ziwa anaielewa hasara hiyo. Dagaa aliyekauka vizuri huliwa na watu na husafirishwa mbali. Aliyelowa huishia kwenye chakula cha mifugo kwa bei ya kutupa. Lakini tazama vizuri: mvua haikuchorwa popote. Imenyesha kati ya fremu ya pili na ya tatu, kwenye ule mwanya mwembamba mweupe, na aliyeinyesha ni msomaji mwenyewe. Nilimuuliza kijana kwa nini aliiacha. Akanijibu, "Mwalimu, watu wa hapa mvua wanaijua. Nikiichora nitawapotezea muda."

Hapo ndipo katuni inapoachana na sanaa nyingine. Filamu inakuonyesha na kukupeleka kwa mwendo wake. Riwaya inakueleza. Katuni inakuachia pengo ulijaze mwenyewe, kwa kasi unayoitaka, na wakati wote fremu iliyopita na ile inayofuata ziko mbele ya macho yako kwa pamoja. Scott McCloud wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1993 kitabu cha kuichambua katuni kilichochorwa chote kwa katuni, aliushughulikia sana mwanya huo. Kabla yake Will Eisner alikuwa ameshafundisha uchoraji huu chuoni New York na kuuandikia kitabu mwaka 1985. Kijana wa Mwaloni hajawahi kuwasikia. Kanuni hiyo aliipata kwenye magazeti ya Kiswahili yaliyochakaa, maana yake elimu hii tunayo tangu zamani, ila hatujakaa chini kuiandika kama elimu.

Na urithi wenyewe si haba. Miaka ya baada ya Azimio la Arusha, wasomaji wa gazeti la Uhuru walikuwa na mhusika wa katuni Chakubanga wa Christian Gregory. Upande wa Kenya, Edward Gitau aliendelea na Juha Kalulu kwenye Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kisha likaja gazeti la katuni la Sani, na pamoja nalo mchoraji Philip Ndunguru, ambaye alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana kabisa. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi, Madenge: wahusika wa Sani walijulikana mitaani kama majirani. Wachoraji wengine waliendelea kuwachora baada ya Ndunguru kuondoka. Hebu fikiria swali zuri la mtihani lililolala hapo. Mhusika mmoja, mikono tofauti. Mstari umebadilikaje? Tabia imebaki ileile, au imehama pamoja na mkono?

Tena vifaa vingi vya uhakiki tunavyo tayari. Ndumilakuwili ni jina la kimajazi, yaani jina linalobeba tabia ya mhusika, na kila mwanafunzi wa sekondari ameshajibu swali la majina ya kimajazi kwenye tamthiliya. Tanakali za sauti tunazikaririsha tangu darasa la msingi: anguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Zikiwa kwenye orodha ubaoni zimekauka. Zikiingia kwenye fremu, zimeandikwa kwa herufi nene zinazoinama upande ule mtu anaoangukia, zinakuwa sauti na picha kwa wakati mmoja. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa maneno ya namna hii, na inanisikitisha ninapoona vijana wanachora mtu akitumbukia ziwani halafu wanaandika mlio waliouokota kwenye katuni za Kimarekani.

Wapo wazazi na walimu wenzangu wanaosema katuni huharibu lugha na kumfanya mtoto awe mvivu wa kusoma. Hoja ya uvivu siikubali hata kidogo. Kusoma fremu sita sawasawa kunataka macho yanayofanya kazi: nani yuko mbele, nani kakatwa na ukingo, kwa nini fremu hii ni ndefu, kwa nini hapa mandhari ya nyuma yametoweka ghafla. Hoja ya maudhui, hiyo naipa nafasi. Magazeti mengi ya katuni yaliyofumuka miaka ya 1990 yalimchora mwanamke kama umbo tu, na kipigo cha ndani ya nyumba yakakigeuza kichekesho. Tuliyasoma, tukacheka, hakuna aliyetufundisha kuuliza kwa nini mke hana uso wa maumivu katika fremu ile. Sababu hiyo peke yake inatosha kuipeleka katuni darasani. Kitu kinachosomwa na maelfu ya watu kikiachwa bila wahakiki, ubaya wake unapita kimyakimya na uzuri wake unapotea bila kutajwa.

Wenzetu walishavuka mjadala huu. Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kilifungua kitivo kizima cha manga, yaani katuni za Kijapani, mwaka 2006. Marekani, Art Spiegelman alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi nchini humo, mwaka 1992 kwa Maus, simulizi ya katuni ya baba yake aliyenusurika mauaji ya Wayahudi. Ufaransa wanaiita katuni sanaa ya tisa, na humo ndimo Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, alimotolea mwaka 2005 kitabu cha kwanza cha Aya, kilichochorwa na Clément Oubrerie. Kitabu hicho kinahusu wasichana wa mtaa wa Yopougon, jijini Abidjan: masomo, wavulana, familia. Hakuna vita wala njaa ndani yake, na mwaka 2006 kilishinda tuzo huko Angoulême, kwenye tamasha la katuni la Ufaransa.

Nikimfikiria Aya, naiona mitaa yetu ya Mwanza. Naiona Igoma. Naiona Mabatini, nyumba zimepanda juu ya mawe, ngazi zinapinda katikati ya miamba. Mandhari yenyewe imeshajigawa fremu. Naiona hadithi ya Kisukuma ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, na Masala Kulangwa, mtoto wa mama aliyenusurika kwa kujificha. Mchoraji mwenye akili hatalionyesha zimwi mapema. Ataanza na kijiji kitupu, vyungu bado viko jikoni. Naiona pia riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikasubiri hadi mwaka 1980 kutoka kwa Kiswahili. Maelezo yake ya uvuvi, ya kilimo, ya namna mgeni anavyopokelewa, yana vitu vingi vya kuonekana kwa macho kiasi kwamba mchoraji angeishi humo miaka.

Kazi ya haraka zaidi ni kuhifadhi. Magazeti ya katuni yalichapwa kwenye karatasi duni, na mengi yaliishia kufungia karanga. Maktaba moja niliyoulizia matoleo ya zamani ilinielekeza kwenye rafu ya vitabu vya watoto, ambako hayakuwepo. Yaliyobaki yako kwenye masanduku ya watu binafsi, chini ya nguo za sikukuu. Ukiwa nayo, usiyatupe. Yapige picha ukurasa kwa ukurasa, andika tarehe ya toleo. Chuo kama SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, kinachofundisha uandishi wa habari, kingeweza kuanza na kabati moja tu, na wanafunzi wake wakapata mada za tasnifu kwa miaka mingi.

Na wewe mwalimu mwenzangu wa Nyamagana, Ilemela au Sengerema, mtaala usiusubiri. Chukua ukurasa mmoja wa katuni ya Kiswahili, funika viputo vyote kwa vipande vya karatasi, uwape wanafunzi wawiliwawili. Waulize nani mwenye nguvu katika kila fremu, na mchoraji amewafanyaje wajue hivyo. Waulize nini kimetokea kwenye mwanya. Wakishabishana vya kutosha, ndipo ufunue maneno.