Karai Ni Moja, Unaongeza Watu wa Nini?

Wiki iliyopita nilikaa masaa matatu ukumbini hapa Dodoma kumsikiliza mhamasishaji wa biashara, tena kiingilio nimelipa mwenyewe. Katikati ya makofi akatamka: "Ongeza wafanyakazi mara mbili, na mzigo utatoka mara mbili!" Watu wakaandika kwenye madaftari. Mimi nikamkumbuka binamu yangu wa Ng'ong'ona.

Binamu anawakaangia chips wanachuo wa UDOM. Jiko moja, karai moja. Akiwa peke yake alimenya, akakaanga, akafunga, akarudisha chenji kwa mkono wa mafuta: ndoo mbili za viazi kwa siku. Akachukua kijana wa kumenya, zikawa tano. Akaja wa kufunga na kupokea hela, zikawa saba. Hapo kichwa kikavimba. Akamleta kijana wa Mpwapwa, mchapakazi kweli: saba na nusu. Wa tano alikuwa shemeji yake, tukarudi saba, maana kibanda kilishafanana na daladala ya jioni na zege mbili (chipsi mayai) ziliishia vumbini.

Binamu akamfukuza yule wa Mpwapwa. Eti mvivu. (Shemeji, bila shaka, alibaki.)

Hapa ndipo damu inanichemka. Mvivu wa nini? Angeajiriwa wa kwanza yeye, angeitwa mkombozi, na yule wa kumenya angekuja nyuma yake aitwe mzigo. Viazi vinasubiri mafuta, havisubiri mikono. Karai likishajaa, lazima mtu asimame, na kusimama huko ndiko tunakokuita uvivu. Kuna vijana wangapi mji huu wamerudishwa kwao na sifa mbaya kwa kosa la karai?

Mwanauchumi David Ricardo aliyaandika haya 1817 akizungumzia mashamba ya Uingereza. Mkulima wa zabibu wa Hombolo wala hamhitaji: anajua ukizidisha samadi kwenye shina lilelile unavuna majani.

Haya, nakubali, saa moja jioni wanachuo wakifurika mtu wa nne anafaa. Na jiko la pili na karai la pili vingebadili hesabu. Lakini mhamasishaji hakutaja karai. Alitaja watu.

Nilinyoosha mkono, nikaambiwa maswali ni mwisho. Mwisho ulipofika, vijana sita walikuwa mezani wakiuza kitabu chake. Wa kupokea hela alikuwa mmoja. Foleni ilifika mlangoni.