Nirudishie Faili Moja Tu

Jumanne ya wiki iliyopita simu iliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Ofisi ya wakala wa forodha, si mbali na bandari hapa Dar, ilikuwa haifungui kitu chochote tangu Jumatatu jioni. Nilipofika nilikisikia chumba cha seva kabla ya kukiona: boksi la storeji, lile linalobeba diski za kuhifadhia data, lilikuwa linalia mfululizo. Diski nane, taa mbili nyekundu.

Anayefanya kazi hii ameshaelewa. RAID 5, yaani diski zilizounganishwa ili moja ikifa kazi iendelee, na hapa mbili ziko chini. Kwisha habari.

Ya kwanza ilikuwa imekufa wiki tatu nyuma. Boksi lilituma barua pepe siku ile ile, likaendelea kutuma kila asubuhi, kwenye anuani ya kijana wa IT aliyeacha kazi mwaka jana. Na ndani ya boksi hilo ndimo zilimolala mashine pepe zote kumi na moja za kampuni, yaani seva za programu tupu zinazoendeshwa ndani ya seva halisi: seva ya domeni, ile inayotambua watumiaji na paswedi zao, ya mahesabu, ya mafaili, mpaka ile inayosoma alama za vidole mlangoni. Bekapu? Ilikuwepo. Kila usiku programu iliandika kwa rangi ya kijani kwamba imefanikiwa, miaka miwili mfululizo. Nakala zake ilikuwa inaziweka kwenye boksi lile lile.

Saa mbili wafanyakazi wakaanza kuingia. Dada wa mahesabu akanifuata pale mlangoni, mkoba bado begani. "Kaka, mimi mafaili yangu hayapo kwenye seva, yako kwenye Z. Z iko salama, au siyo?"

Nilikosa pa kuangalia. Z ndiyo seva. Lakini kwake Z ni mahali, kama kabati lenye kufuli, na sisi ndio tuliompa herufi ile bila kumwambia nyuma yake kuna nini. Humo alikuwa na madai ya wateja tangu 2017, mafaili ya Excel aliyoyajenga mwenyewe safu kwa safu, na bili za shehena na TANSAD, zile fomu za tamko la forodha, alizoskani kwa mikono yake. Kumbukumbu za kodi sheria inataka zitunzwe miaka mitano. Yeye alikuwa ametunza zaidi ya hapo, kwa bidii, mahali tulipomwelekeza.

Halafu akaja mzee mwenye kampuni. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza swali moja: "Kijana, mlituambia tununue diski nane ili moja ikifa kazi iendelee. Tukanunua. Sasa imekuwaje?"

Swali hilo nimelala nalo wiki nzima, kwa sababu mzee hakukosea neno. Ndivyo tulivyomwambia. Sikuwa mimi niliyemuuzia boksi lile, lakini maneno ni yetu sote mafundi, tunayasema kwenye kila ofisi: "Msiwe na wasiwasi, kuna RAID." Tunayasema kwa sababu yanamtuliza mteja na ankara inasainiwa. Naandika leo kuwaomba wenzangu tuache.

RAID ilielezwa kwenye makala ya Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1988, na shabaha yao ilikuwa kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kwa kasi na zistahimili kifo cha mmojawapo. Ni hilo tu. Mtu akifuta foleda, inafutika kwenye diski zote kwa mpigo. Virusi vya kudai fidia vikiingia, vinafunga mafaili kwenye diski zote kwa uaminifu ule ule. Hata hicho kifo cha diski chenyewe, RAID 5 inakistahimili kimoja, na wakati wa kujenga upya ndio wakati wa hatari kuliko wote.

Angalia hesabu yenyewe. Diski nane za terabaiti 4, moja imekufa. Ili mpya ijazwe, boksi lazima lisome zile saba kwa ukamilifu, terabaiti 28. Watengenezaji wa diski za kawaida wanaandika wenyewe kwenye karatasi zao kwamba tutegemee kosa moja la kusoma katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kama terabaiti 12.5, chini ya nusu ya zile 28. Nakubali, diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi inavyosema. Lakini diski zile saba zilitoka katoni moja na ile iliyokufa, zikawashwa siku moja, zikala joto lile lile la Dar na umeme ule ule unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mwenzao ameondoka kwa uzee, na wao ni rika lake. Kisha tunawaamuru wafanye kazi nzito kuliko zote walizowahi kufanya, usiku na mchana bila kupumzika. Pale bandarini diski mpya ilichomekwa Jumatatu mchana, baada ya mtu hatimaye kuiona taa nyekundu. Kufika jioni hiyo hiyo, diski ya pili ikafa.

Kwa maboksi ya ukubwa huu wekeni RAID 6, inayostahimili vifo viwili, au RAID 10, ambayo kila diski ina pacha wake. Hilo sitaki hata kubishana.

Sisemi turudi kwenye enzi za seva moja moja. Nimezifanyia kazi. Seva sita chini ya meza, kila moja na UPS yake na kelele zake, ukiomba pesa ya AC unaonekana unataka anasa. Mashine pepe zimetuokoa na hayo, na ukitaka kuhamisha mzigo kutoka seva moja kwenda nyingine bila mtu kushtuka, lazima storeji iwe ya pamoja. Sawa. Lakini zamani seva ikifa, tano zilibaki zikipumua. Leo tumepakia shehena yote kwenye jahazi moja, na mwenye shehena hatujamwambia.

Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani, nazo zina lawama zake. Kwenye mashine ya mahesabu nilikuta snapshoti ya miezi tisa, imeandikwa "kabla ya update". VMware wenyewe, watengenezaji wa programu ya mashine pepe, wanashauri isikae zaidi ya saa 72, maana si nakala. Ni faili la mabadiliko linaloegemea diski mama, na mama akiharibika halina maana yoyote. Linaendelea kunenepa mpaka nafasi inaisha na mashine zote zinasimama. Ukichanganya na ile tabia ya kuziahidi mashine nafasi kubwa kuliko diski zilizopo, siku moja zote zitadai ahadi yao kwa pamoja.

Lakini kosa kubwa kuliko hayo yote, lile linaloniuma, ni kwamba miaka miwili hakuna mtu aliyejaribu kurejesha faili hata moja. Hata moja! Angejaribu mara moja tu kuleta faili kwenye kompyuta nyingine, angeona nakala zinatoka wapi. Rangi ya kijani inasema programu imemaliza kuandika. Haisemi imeandika wapi, wala kama kilichoandikwa kinasomeka. Na usidhani ni sisi wadogo tu. GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017, fundi wao alifuta hifadhidata kwa bahati mbaya, na walipogeukia njia zao tano za bekapu na kunakili wakakuta hakuna hata moja inayofanya kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa ajili ya shughuli nyingine. Walieleza yote hadharani, na kwa hilo nawaheshimu. Korea Kusini, Septemba 2025, kituo cha data cha serikali kule Daejeon kiliungua na G-Drive yao ikaenda nayo: terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma, bila nakala nje, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kuwekewa bekapu. Kwao nao ilikuwa ni herufi tu kwenye skrini.

Kisa ninachowasimulia vijana ninaowafundisha kazi ni cha Maersk, kampuni ya meli za mizigo, kwa sababu kontena zao tunaziona kila siku zikipita Barabara ya Mandela. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliwaingia kupitia programu ya mahesabu ya Ukraine. Walikuwa na seva za domeni kama 150 duniani kote, kila moja ikinakili nyingine. Mpango mzuri: ikifa moja, zilizobaki zinajua yote. Zote zikafutika kwa pamoja. Mafundi wakawa na bekapu za seva nyingine lakini hawana domeni, na bila domeni hakuna mtu wa kufungulia mlango. Waliitafuta dunia nzima, mpaka wakaipata seva moja nzima, Ghana. Ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, hivyo haikuwa kwenye netiweki. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo, kuituma Uingereza kungechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, na huyo ndiye aliyeifikisha London. Kampuni ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, na msingi wa yote ulikuwa ni diski ile iliyosafiri mkononi mwa mtu.

Kilichoponya seva ile ni kutounganishwa. Nakala iliyochomekwa muda wote inakufa pamoja na mwenye nayo. Kwa hiyo diski mbili za nje, moja ofisini imechomolewa, nyingine nyumbani kwa mkurugenzi, zinabadilishana kila Ijumaa. Akaunti ya bekapu isiwe ya domeni, na paswedi yake isijulikane na domeni, kwa sababu anayeingia na kushika domeni kitu cha kwanza anachofuta ni bekapu. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeipa kanuni hii jina la tatu-mbili-moja: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo. Wingu ni zuri, lakini pigeni hesabu kwanza: terabaiti 2 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni siku tisa na zaidi bila kupumua, na ni muda huo huo ukitaka kuzirudisha. Anzeni na diski, wingu lipokee mabadiliko ya kila usiku.

Wenye kampuni hunijibu kwamba hayo yote ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Diski mbili za nje ni bei ndogo sana ukilinganisha na boksi mlilolinunua, na siku moja ya fundi kwa mwezi ni ndogo zaidi. Mnalipia gari bima kila mwaka. Hizi ni kumbukumbu za kampuni nzima.

Siku hiyo moja naidai kwa nguvu zote. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, faili lichaguliwe na mtu wa mahesabu, wala si na fundi, kwa sababu fundi atachagua lile analojua lipo. Lirejeshwe kwenye kompyuta nyingine. Alifungue mwenye nalo, asome tarakimu zake, aseme ndilo. Muda upimwe kwa saa na uandikwe. Kila miezi mitatu inueni mashine nzima kwenye netiweki iliyotengwa, isije ikagombana na mwenzake wa jina moja. Andikeni kwenye karatasi nani anaamka kwanza: domeni, kisha mafaili, kisha mahesabu. Nasema karatasi kwa makusudi. Pale bandarini paswedi ya seva mama, ile inayoendesha mashine pepe zote, ilikuwa kwenye faili la Excel, kwenye Z.

Tuliokoa nini? Mashine mbili, kutoka kwenye nakala ambayo kijana aliyeondoka aliwahi kuiweka kwenye diski yake ya mezani miezi kumi na minne iliyopita. Mahesabu yamerudi mpaka hapo. Yaliyobaki yako kwenye mafaili ya karatasi, na dada wa mahesabu na wenzake wawili wanayaingiza upya tangu Alhamisi, bili moja baada ya nyingine, mpaka saa mbili usiku. Jana nilipopita kumpelekea diski mpya hakunilaumu. Aliuliza tu kama Z hii mpya ni ile ile. Nikamchukua mpaka chumba cha seva, nikamwonyesha boksi, nikamwonyesha diski ya nje na mahali itakapolala, nikamweleza polepole mpaka akaniambia ameelewa. Ilichukua dakika kumi.

Ijumaa hii ni ya mwisho wa mwezi. Mzee amekubali kukaa nasi. Faili atalichagua yeye dada, na hajaniambia ni lipi.